Chuma Juu ya Nyuzi: Mwongozo wa Kurudia Gitaa la Stili Ukiwa Thika au Ruiru

Kama umeishi kati ya Githurai na Makongeni, mlio wa gitaa la stili unaujua hata kama hujawahi kuliona gitaa lenyewe. Ni ile sauti inayolia nyuma ya Jim Reeves na Charley Pride, inayopanda polepole kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Umeisikia redioni Jumapili jioni, ndani ya matatu ya saa nne usiku, na matangani spika zikijaribiwa kabla mchungaji hajafika. Wengi hudhani ni fidla au kinanda.

Nakuandikia wewe uliyewahi kupiga gitaa ukaacha, na sasa mkono unawasha. Pengine ulipigia kwaya ya vijana. Pengine ulipiga mugithi, mtu mmoja na gitaa lake, watu wamepanga foleni kama mabehewa hadi alfajiri. Pengine uliliuza gitaa ili mtoto alipiwe karo. Mimi niliacha mwaka 2003, nikarudi baada ya miaka 15, nikiwa na kitambi kilichokuwa kinalisukuma gitaa mbele kila nilipolikumbatia. Stili haina shida na kitambi. Inalala mapajani, au inasimama kwa miguu yake yenyewe kama meza.

Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema, usije ukachoka kusoma kabla ya kuufikia: chagua gitaa ambalo likiharibika Jumanne utalipiga tena Jumamosi. Yote yanayofuata yanatokana na hapo.

Unachokitafuta ni kipi hasa?

Magitaa ya stili ni ya aina mbili kuu, na ukiyachanganya utapoteza pesa.

La kwanza ni la mapajani. Nyuzi zimeinuliwa juu, hubonyezi chochote kwa vidole, bali unateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mtindo huu ulitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayesifiwa kuuanzisha ni Joseph Kekuku. Gitaa lolote la kawaida lenye nyuzi za chuma linaweza kugeuzwa kuwa la mapajani.

La pili ni la pedali. Lina nyuzi 10, miguu minne, pedali za kukanyaga na vyuma vya kusukumwa kwa magoti. Kila pedali huvuta nyuzi fulani zibadilishe sauti huku zikilia. Wengi waliusikia mvuto huo waziwazi kwa mara ya kwanza mwaka 1954, Bud Isaacs alipokanyaga pedali noti ikiwa bado hewani katika wimbo wa Webb Pierce, "Slowly". Kwenye rekodi za Charley Pride, mara nyingi anayelia huko nyuma ni Lloyd Green.

Kama uliimba kwa do-re-mi kanisani, pedali utazielewa haraka kuliko aliyesomea gitaa. Tuni inayotumika sana huitwa E9. Nyuzi zake, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi, ni F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D na B. Usiikariri leo. Chukua E iwe *do*, G# iwe *mi*, B iwe *so*. Sasa tazama:

- Pedali A hupandisha *so* iwe *la*.
- Pedali B hupandisha *mi* iwe *fa*.
- Pedali C hupandisha *do* iwe *re*, na *so* iwe *la*, kwenye uzi wa 4 na wa 5.
- Chuma kimoja cha goti hushusha *do* iwe *ti*, kingine huipandisha nusu hatua.

Kwa hiyo ukiwa umetulia kwenye *do-mi-so*, ukakanyaga A na B pamoja, unapata *do-fa-la*. Umetoka kodi ya kwanza hadi ya nne (si kodi ya KRA) bila kusogeza mkono hata kidogo. Sauti mbili zimepanda, ya tatu imebaki pale pale, kama soprano na alto wakiinuka huku mwimbaji wa teno ameshikilia noti yake. Ndicho kile kilio.

Kwa nini usianze na pedali

Pedali hutaka mguu wa kushoto ukanyage, wa kulia uongoze sauti, magoti yote mawili yasukume, mkono mmoja uteleze, mwingine udonoe. Juu ya hayo, sikio lako limelala miaka kumi au ishirini. Kinachorudi polepole kwa anayerudi ni sikio. Vidole hukumbuka upesi. Kwenye stili, freti ni alama za kutazama tu, kama mistari ya barabara. Hakuna kinachokuzuia kuingia shambani.

Halafu kuna matengenezo. Gitaa la kawaida litatengenezwa na fundi yeyote wa mbao mwenye subira. Kipuri cha ndani cha pedali kikivunjika, utakisubiri kutoka Marekani.

Basi jiwekee miezi sita ya stili ya mapajani. Miezi sita ikiisha na bado unaketi kila siku hata dakika 20, agiza pedali. Gitaa likiwa limegeuka mahali pa kuanikia soksi, hasara yako itakuwa ndogo.

Kugeuza gitaa chakavu kuwa stili

Hapa kuna habari njema inayonifurahisha kila ninapoisema: shingo iliyopinda kidogo, ambayo ingekufanya ulikatae gitaa la kawaida, si tatizo kwetu, kwa sababu hatubonyezi nyuzi. Langu nililipata Kimbo kwa shilingi 3,500 kwa kijana aliyekuwa karibu kulitupa. Alinionea huruma.

> UTAKACHOHITAJI
> - Gitaa la nyuzi 6 za chuma (za nailoni hazifai)
> - Bolti nene ya milimita 10, ndefu kupita upana wa shingo kidogo
> - Chuma cha kuteleza (tazama hatua ya 4)
> - Kucha za kuvaa: moja ya gumba, mbili za vidole
> - Programu ya kutuni kwenye simu
> - Kiti kisicho na mikono

1. Kagua daraja. Pitisha karatasi nyembamba kati ya daraja la chini na ubao wa gitaa. Ikiingia, daraja linang'oka. Acha gitaa hilo. Angalia pia shingo inapoungana na mwili. Ufa hapo ni ugonjwa wa kudumu.

2. Inua nyuzi. Legeza zote. Kidaraja kidogo cha juu, karibu na kichwa cha gitaa, kigonge taratibu kwa ubavu kitoke. Mahali pake laza bolti. Nyuzi zitakaa kwenye mikato yake ya skrubu, na mkazo wa nyuzi utaishikilia. Ukipenda kitu cha heshima zaidi, omba mfupa wa ng'ombe kwa muuza nyama, uuchemshe, uukaushe, uuchonge kwa tupa. Nyuzi ziwe juu ya freti kwa milimita 8 hadi 10.

3. Pima kama freti zinasema kweli. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, uudonoe, uachie: utasikia mlio kama wa kengele. Kisha weka chuma juu kabisa ya freti hiyo hiyo, udonoe tena. Sauti ziwe sawa. Zisipolingana, bolti imekaa mbele ya mahali pa kidaraja. Mimi niliiweka mbele kwa uvivu wa kung'oa, nikahangaika wiki mbili nikidhani masikio yangu yamezeeka.

4. Chonga chuma. Nenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Thika ni mji wa viwanda, hutamkosa. Mwambie akukatie fimbo ya stenlisi ya kipenyo cha milimita 19, urefu milimita 75, ncha moja iwe mviringo kama risasi. Itakuwa na uzito wa gramu 170 hivi. Fundi wangu aliuliza, "Ni ya gari gani?" Nilipomwambia ni ya gitaa, alizima mashine akataka kwanza nimwimbie. Akishamaliza, sugua kwa msasa namba 400, kisha 800, kisha 1200, umalizie na Brasso mpaka uone meno yako. Mkwaruzo usiouona kwa macho utausikia kwenye uzi. Huku ukisubiri, soketi ndefu ya kufungulia plagi ya gari inatosha.

5. Tuni kwa kushusha. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba: D, A, D, F#, A, D. Linganisha na tuni ya kawaida uone: hakuna uzi unaopanda. Minne inashuka, miwili inabaki.

> ONYO
> Utakutana na tuni ya E (E, B, E, G#, B, E) na ya G ya juu (G, B, D, G, B, D). Zote hupandisha nyuzi kadhaa. Kwenye gitaa la mbao chakavu, mkazo huo unaweza kung'oa daraja usiku, kwa kishindo kitakachoamsha nyumba nzima. Ziachie gitaa imara.

Wiki sita za kwanza

*Wiki ya 1 na ya 2.* Usipige wimbo. Keti wima, gitaa mapajani, nyuzi zikitazama dari. Laza chuma juu ya freti ya 5, si nyuma yake kama ulivyozoea kuweka kidole. Tazama kutoka juu kabisa. Ukitazama kwa pembeni, jicho litakudanganya kwa milimita mbili, na milimita mbili hapa ni sawa na kuimba nje ya kodi. Chuma kikae kwa uzito wake chenyewe. Vidole vya nyuma vya mkono wa kushoto vilale juu ya nyuzi nyuma ya chuma, la sivyo utasikia kelele kama ya mlango wa bati.

*Wiki ya 3 na ya 4.* Nyuzi tupu ni D. Freti ya 5 ni G. Freti ya 7 ni A. Ya 12 ni D tena. Hizo ndizo kodi za nyimbo nyingi za injili na kantri ulizokulia. Imba kwanza, kisha tafuta kwa chuma sauti uliyoiimba. Ukianza kwa chuma, mdomo utafuata kosa.

*Wiki ya 5 na ya 6.* Sasa tetemesha. Mkono uende mbele na nyuma kidogo juu ya mstari, polepole. Wanaoanza hutetemesha ili kuficha kwamba hawako mahali pake. Anayesikiliza hajui umekosea nini, ila anajua kuna kitu.

Sikiliza pia wa kwetu. Sir Elvis Otieno amelishika jukwaa la kantri nchini kwa miaka mingi. Na usidharau benga ya hapa nyumbani: Daniel Kamau, DK, ni wa Gatanga, hapo juu tu ya Thika, na gitaa la sauti ya juu katika benga hujibu sauti ya mwimbaji vile vile stili inavyomjibu Jim Reeves. Mimi nilijifunza kujibu kwa kukaa kimya mwimbaji akiwa anaimba. Hakuna zoezi lililonishinda kama hilo.

Sasa unataka ya pedali

Yaelekea utalazimika kuiagiza. Mpya ya kitaalamu hupita dola 3,000 kwa urahisi, kwa hiyo wengi tutaangukia iliyotumika. Tafuta yenye shingo moja ya nyuzi 10, pedali 3 na vyuma 4 vya magoti. Za wanafunzi zenye goti moja tu ni nafuu, lakini ndani ya mwaka utakuwa umezizidi. Zenye shingo mbili ni nzito mno, na ile shingo ya pili, ya C6, ni ya muziki mwingine kabisa.

Utakutana na majina kama Emmons, MSA, Mullen, GFI, Carter na Sho-Bud. Sho-Bud limetokana na Shot Jackson na Buddy Emmons, waliolianzisha Nashville miaka ya 1950. Ni magitaa mazuri kuyatazama na kuyasikia, lakini kiwanda kilifungwa miaka ya 1980. Kwa anayeishi Ruiru, uzuri huo una bei yake.

Kama una ndugu Marekani, mtume yeye. Nilipomtumia binamu yangu wa Texas picha, alijibu, "Yaani nikuletee meza ya kupigia pasi?" Ndugu asiyejua muziki anafaa, mradi apige video ya mambo haya:

> ORODHA YA KUKAGUA
> ☐ Kila pedali na kila goti: uzi ulie, pedali au goti libonyezwe, liachiwe. Lazima uzi urudi kwenye sauti ile ile. Ukirudi juu au chini, ndani kuna uchafu au kitu kimepinda.
> ☐ A na B zikikanyagwa pamoja, nyuzi zisizohusika zisishuke sana. Kushuka kidogo ni kawaida. Kukisikika kwa sikio bila programu, kataa.
> ☐ Chini ya gitaa: picha za karibu. Fimbo zisiwe na kutu, kusiwe na waya uliofungwa kienyeji.
> ☐ Miguu 4, fimbo 3 za pedali, reli ya pedali, na ufunguo mdogo wa kutuni. Fimbo moja ikikosekana, fundi wako wa kukereza ataitengeneza. Ufunguo ukikosekana, utaumia.
> ☐ Mpangilio wa pedali. Ule wa Emmons huanza na A kushoto. Ule wa Day huanza na C. Yote miwili inafaa, ila masomo mengi hufuata wa Emmons.
> ☐ Pikapu, ile sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi (si Toyota), isikike kwenye nyuzi zote 10.

Uzito: ya shingo moja ikiwa ndani ya sanduku lake huwa karibu na kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu kwa begi moja. Ndugu apime kabla ya kufika uwanjani. Ikija kama mzigo, uliza wakala wa forodha hesabu kamili *kabla* haijaondoka huko: kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16 inayopigwa juu ya bei, usafirishaji na ushuru kwa pamoja, na kuna ada nyingine ndogondogo ambazo zikijumlishwa si ndogo tena.

Stima

Gitaa lenyewe halichomekwi ukutani. Amplifaya ndiyo inayokula stima, kwa hiyo inunue hapa. Ya Marekani ni ya volti 120, yetu ni 240. Ukiichomeka hivi hivi, utapata moshi na somo la gharama. Ukipewa ya bure kutoka huko, nunua transfoma ya kushusha volti iliyo kubwa kuliko mahitaji ya amplifaya yenyewe.

Tafuta amplifaya yenye sauti safi. Ile ya kinanda inafaa kuliko ile ya gitaa la roki. Ikivuma mfululizo hata hujapiga, na mvumo ukikoma ukigusa nyuzi, muite fundi wa stima aangalie waya wa ardhi wa nyumba. Katika nyumba za kupanga zilizojengwa haraka, wakati mwingine waya huo haupo kabisa. Hilo si la gitaa tu. Ni la uhai wako.

Kulibeba na kulitunza

Julai ya Thika, ile ya manyunyu na baridi isiyoisha, hutia nyuzi kutu. Jasho humalizia. Weka kitambaa cha pamba ndani ya sanduku, ufute kila uzi ukimaliza, juu na chini. Usiliweke gitaa sakafuni kwenye simiti. Liinue juu ya mbao.

Kwenye matatu, panda stejini ikiwa tupu, ukae kiti cha nyuma. Mara ya kwanza nilipobeba langu kutoka Ruiru, kondakta alilitazama sanduku, akanitazama mvi, akasema, "Guka, hii yako italipa kiti." Nilibishana naye mpaka Juja kwa ajili ya shilingi hamsini, nikakubali liende juu ya keria kati ya gunia la viazi na kreti ya kuku. Kutoka Juja hadi Thika nilikuwa nikisikia kila tuta. Siku hizi nalilipia kiti, tena cha dirishani.